Kumpeleka Mama Mkwe Suswa

Kazi yangu ni kuwapeleka watu mahali ambapo watu hawaendi. Mgeni akishuka Nakuru, madereva wengi watamkimbiza hadi lango la mbuga akaone vifaru na flamingo, na hakuna ubaya. Lakini kuna wale wanaorudi mara ya pili, na wale waliochoka kuona simba amezungukwa na magari, na hao ndio wangu. Nawapeleka Ziwa Solai, ambalo hata watu wa Nakuru wenyewe wengi hawajaliona. Nawapeleka Eburru, kwa wakulima wanaokinga maji kutoka kwa mvuke wa ardhi. Na mgeni nikishamjua, nikaona si wa kulalamika kila gari likiruka shimo, nampeleka Suswa.

Suswa ni mlima ulio ng'ambo ya Mai Mahiu, ukishaacha malori na vibanda vya mahindi choma na kushika barabara ya kwenda Narok. Ukiwa chini huoni kitu cha ajabu. Ukifika juu ndipo unaona kwamba mlima mzima ni kreta, shimo la volkano, na ndani yake kuna kreta nyingine, na katikati ya hiyo ya pili kuna msitu uliokaa peke yake, umezungukwa na bonde refu. Kuna mapango ambamo nyani hulala usiku. Kuna mashimo yanayotoa moshi asubuhi. Hakuna hoteli wala duka. Kuna maboma machache ya Wamaasai yaliyoachana mbali, ng'ombe, na upepo. Nikifika pale huwaambia wageni, "Huku hakuna mtu," nao hufurahi sana, wengine hata hufumba macho wasikilize.

Mimi hapo huanza kukagua magurudumu. Kwa sababu hakuna mtu maana yake hakuna fundi, hakuna daktari, na netiwaki ni ya kubahatisha. Wengi wakisikia kazi yangu hudhani mimi ni jasiri. Mke wangu anaujua ukweli. Anajua kwamba nikitoka nyumbani kwetu Kiamunyi mara nyingi hugeuza gari kabla ya kufika lami, nirudi kuangalia kama nilizima gesi. Hubeba jeki mbili, kamba, maji ya kuosha hata ng'ombe, na sanduku la huduma ya kwanza ambalo nalifungua kila Jumapili kuhakikisha hakuna kilichoharibika. Wasiwasi ndio umeniweka kazini miaka hii yote, na siuonei haya.

Sasa, mama mkwe wangu alizaliwa chini ya ule mteremko mkubwa wa Mai Mahiu, katika shamba dogo la baba yake. Kila asubuhi akienda kuteka maji aliuona mlima wa Suswa kule ng'ambo ukitoa moshi. Aliutazama utoto wake wote, akaolewa Subukia, akalima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa, akazeeka, na hakuwahi kuukanyaga. Kila mara alimwambia binti yake jambo hilo, bila kuomba chochote, vile akina mama husema wakitaka kitu. Likizo moja ya Agosti, watoto wetu wakiwa wameenda kwa mamangu, mke wangu alinijia nikiosha gari.

"Wewe unapeleka wazungu kila wiki," akasema. "Mamangu ni wa lini?"

Niliendelea kusugua gurudumu. Si kwamba sikutaka. Nilichoogopa ni ukwe.

Kwa asiyejua ukwe wa nyumba kama zetu, nieleze kidogo. Tangu nioe sikuwa nimewahi kumwambia mama mkwe hata sentensi moja ana kwa ana. Salamu zangu zilipitia kwa mke wangu, hata kama mama mwenyewe amekaa hapo hapo akinisikia. Sikutaja jina lake. Sikuingia jikoni akiwemo. Nikifika kwake Subukia, nilikohoa langoni, naye akakohoa kutoka ndani, na hiyo ilikuwa ni kusema nimekusikia, niko sawa, pita. Na kubwa kuliko yote, hatukuonana tukila. Mimi niliandaliwa sebuleni, yeye akala jikoni na binti zake. Sikuwa nimewahi kumwona mama yule akitia kitu kinywani, hata maji. Pasta wao alishasema mimbarini kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe aliitikia amina, akaendelea vilevile.

Na asidhani mtu kwamba tulichukiana. Nilimpenda sana yule mama, na nilijua ananipenda. Alinitumia maparachichi yaliyochaguliwa moja moja. Kila simu yake kwa mke wangu iliishia na maneno yale yale, kwamba mwambie huyo asiendeshe gari usiku. "Huyo" ni mimi.

Sasa weka jambo la pili juu ya hilo. Mama mkwe ana ugonjwa wa sukari, na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Mke wangu alishanieleza wazi: akidunga sindano halafu asile, sukari inashuka, na ikishuka inaweza kummaliza kabla hata hujajua kuna shida. Kwa hiyo kwa siku nzima nilitakiwa kuwa na mtu ambaye lazima ale kwa wakati, na ambaye hawezi kula mbele yangu, ndani ya gari ambalo, hata ulipange vipi, ni chumba kimoja.

Nilimwambia mke wangu hivyo. Akacheka. Akasema tutakuwa tukisimama njiani, mimi nishuke nikanyooshe miguu, mama ale, nirudi. Kisha akaingia kwenye gari na mfuko, akaanza kusafisha. Alitoa soda zote kwenye kisanduku cha barafu. Alitoa biskuti za wageni. Alitoa peremende nilizoziweka karibu na gia, na chupa ya asali niliyonunuliwa na mteja. Alisema hataki mama yake ajaribiwe njiani. Nilimwangalia akipeleka vile vitu ndani ya nyumba na sikuona kasoro yoyote, kwa sababu mtu mwenye sukari hukatazwa sukari, na hilo kila mtu analijua.

Kitu kimoja tu kilimponyoka. Ukienda Suswa huendi mikono mitupu. Kuna mama wa boma moja pale juu ambaye huwa anatutafutia mtu wa kutuongoza mapangoni, na kila safari humpelekea pakiti ya sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimeificha ile pakiti chini ya kiti changu, kati ya spana, nisije nikaulizwa.

Mama mkwe alilala kwetu usiku wa kuamkia safari. Asubuhi nilikaa nje na gari huku wao wakiwa jikoni. Mke wangu alipotoka alinong'ona kwamba mama ameshajidunga, amekunywa chai kavu na kipande cha mkate, mengine atakula mbele. Alikuwa amebeba hotpoti, lile bakuli la kutunza joto, yenye githeri ya mahindi na maharagwe iliyokaangwa na karoti, ameifunga vizuri kwa leso, fundo juu. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kiti cha mwisho kabisa. Mke wangu akakaa katikati. Mimi nikakohoa, mama akakohoa, tukaondoka.

Kabla hatujatoka Kiamunyi niliinua kile kioo cha kati, cha kuangalia nyuma, nikakielekeza kwenye paa. Kingenionyesha uso wake moja kwa moja. Basi niliendesha hivyo, mimi niliyezoea kuangalia kioo mara mia, nikitegemea vioo vya pembeni tu, na kila lori lililonipita lilinirusha roho. Nilichokuwa nacho cha kunijulisha habari za nyuma ni sauti yake. Mama mkwe huimba nyimbo za kanisa chini kwa chini, midomo imefungwa. Tulipopita Gilgil alikuwa akiimba. Nami nikajiambia mtu anayeimba yuko sawa.

Naivasha nilisimama kwenye hoteli ninayoijua. Tukakuta wanapaka rangi chumba cha nyuma, kwa hiyo wateja wote wamekaa pamoja mbele. Mama akasema kupitia kwa binti yake kwamba heri abaki garini. Nilifurahi, nikashuka haraka nikaenda zangu. Sikuwa nimefika hata mlangoni nikasikia askari wa pale akiniita.

"Boss, toa gari hapo. Lori ya maji inaingia."

Nikarudi mbio. Nilipofungua mlango nilisikia kifuniko cha hotpoti kikifungwa upesi, kle, na leso ikipigwa fundo tena. Nilisogeza gari. Baada ya hapo mama alisema tuendelee tu, hana njaa.

Mai Mahiu nilijipanga vizuri zaidi. Niliegesha kando ya vibanda, nikamwambia mke wangu kwa sauti, ili mama asikie, kwamba naenda kununua mahindi na nitachelewa. Nikatafuta mahali ambapo sitaonekana kabisa. Kulikuwa na lori refu limeegeshwa, nikajificha nyuma yake na hindi langu, mgongo kwenye tairi, nikatulia. Nilikuwa nimeuma ndipo lori likaanza kuunguruma. Likaondoka. Likaniacha nimesimama peke yangu kwenye vumbi, mahindi mdomoni, mashavu yamejaa, nikitazamana uso kwa uso na mama mkwe wangu dirishani, kijiko kikiwa mkononi mwake.

Sijui nani kati yetu aligeuka kwanza. Nilitema yale mahindi. Niliporudi garini hotpoti ilikuwa imefungwa. Sasa alikuwa ameniona nikila, na mimi nilikuwa nimemwona na kijiko, na wimbo haukuwepo.

Tuliposhika barabara ya Narok nilimwambia mke wangu polepole kwamba mama hajala. Akageuka nyuma.

"Mami, umekula?"

"Nimekula. Nimeshiba."

"Amesema ameshiba," mke wangu akaniambia, kana kwamba mimi nimekaa gari lingine. Nilijua si kweli. Lakini mkwe hawezi kusema mama mkwe wake anadanganya, hata kwa kupitia mtu. Nikashika usukani kwa nguvu nikamwomba Mungu barabara iwe fupi.

Barabara ya kupanda Suswa ni mawe na vumbi jeupe linaloingia hadi kwenye meno. Kadiri tulivyopanda ndivyo mama alivyochangamka, na mimi nikaanza kulegea kidogo. Aliuliza maswali mengi. "Muulize huyo kama ule moshi ndio ule." Nami nikajibu, mwambie ndio ule. "Muulize kama Mai Mahiu inaonekana kutoka juu." Mwambie nitamwonyesha. Mke wangu alichoka kupokezana maneno, akasema siku moja sisi wawili tutamkausha koo.

Tulipita bomani, nikaambiwa mama wa pale ameenda kuchota maji lakini mtu wa kutuongoza yupo, mwanamume wa makamo, mpole. Pakiti ya sukari nikaona nitampa mwenyewe mkononi tukishuka. Tukaendelea hadi ukingo wa kreta ya ndani.

Mama mkwe alishuka akishikwa na binti yake. Magoti yake hayamruhusu kutembea sana. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari, lakini kivuli chake nilikiona chini kwenye nyasi, na nikaona kile kivuli kikiinama polepole, mkono ukafika chini ukagusa ardhi. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasema kwa lugha yao jambo ambalo mke wangu hakunitafsiria, na mke wangu akajifuta macho. Mimi pia nilifurahi, furaha ya kweli. Nikasahau njaa yake kwa dakika hizo, na mpaka leo jambo hilo hunishtua nikilikumbuka.

Mapango yako mbali na pale, na si ya mtu mwenye magoti mabaya. Mama akasema atabaki garini atazame mlima wake. Mke wangu alinivuta kando. "Sasa ndio time," akaninong'oneza. "Nikienda, wewe kaa huko mbali, umpe mgongo. Atakula mpaka amalize." Akamfuata yule mwongozaji, na baada ya kitambo nikawaona wakizama kwenye vichaka.

Nilitafuta jiwe mbele ya gari, mbali kiasi cha heshima lakini si mbali kiasi cha kutosikia, nikakaa, nikalipa gari mgongo. Mlango wa mama nilikuwa nimeuacha wazi apate hewa. Mbele yangu kulikuwa na lile bonde, na ule msitu katikati ambao hakuna njia rahisi ya kuufikia, na ukimya ambao watu hunilipa niwaonyeshe. Nyuma yangu mama alianza kuimba. Nikashusha pumzi.

Kisha wimbo ukanyamaza. Nikasema moyoni, vizuri, sasa anakula. Nikategea sikio ile sauti ya kifuniko. Haikuja. Nikajiambia labda upepo umeichukua. Nikategea kijiko. Sikusikia kijiko. Nikajiambia anaomba kabla ya kula, na maombi ya mama mkwe wangu si mafupi. Nikahesabu watu wote anaowaombea, ndugu zake, wajukuu, mifugo, serikali, na bado hakuna sauti iliyokuja.

Nikakohoa.

Hakujibu. Kengele ya ng'ombe ililia mahali fulani chini, ikanyamaza. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kikohozi cha langoni kabisa. Nilijua nikigeuka nikamkuta na chakula mdomoni, yule mama hatakula tena siku hiyo, na pengine hatapanda gari langu tena maishani. Na nilijua nisipogeuka, na kuna jambo, basi nimekaa juu ya jiwe kwa adabu huku mtu akipotea. Nilitaka kumwita. Nikagundua sina neno la kumwita. Miaka yote ile sikuwahi kulihitaji.

Nikageuka.

Alikuwa ameegemea dirisha, kichwa kimeangukia bega. Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza hadi shingoni, na nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona, zilikuwa nyeupe na chache. Uso ulikuwa umelowa jasho katika ule upepo wa baridi. Macho yalikuwa wazi nusu, yakinitazama bila kunijua. Hotpoti ilikuwa mapajani mwake, imefungwa kwa leso, fundo juu. Hakuwa ameifungua.

Nikatoa simu, haikushika. Nikamwita mke wangu kwa sauti yangu yote, na sauti ikaenda kreta ikarudi. Yeye alikuwa chini ya ardhi na popo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote katika kazi hii, na nimewahi kusimama karibu na nyati. Nilijiona nikimwambia mke wangu. Nilijiona nikiendesha gari kushuka yale mawe, mama amelala nyuma, hatuongei, vile vile kama tulivyokuja.

Peremende zilikuwa Kiamunyi. Soda zilikuwa Kiamunyi. Nilifungua kisanduku cha barafu kana kwamba zingerudi zenyewe, nikakuta maji. Ndipo nikakumbuka pakiti chini ya kiti. Nilitupa spana nje, nikaichana kwa meno, nikamimina sukari kwenye kikombe na maji, nikakoroga kwa kidole. Tulifundishwa kwenye mafunzo ya madereva kwamba asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, utamziba pumzi. Kwa hiyo nikapanda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwita neno la kwanza lililonijia.

"Mama. Mama, unanisikia?"

Midomo ikasogea. Akameza mate. Nikapitisha mkono nyuma ya shingo yake, mimi, nikamwinua kichwa, nikaweka kikombe kwenye mdomo wake. Akaubana. Nikajaribu tena, akageuza uso, na mkono wake ukainuka ukitetemeka kutafuta kitambaa ajifunike. Hapo nikaelewa. Hakujua yuko wapi, labda hakujua hata ni siku gani, lakini alijua mkono ule ni wa nani. Yule mama alikuwa tayari kufa kwa adabu.

Niliweka kikombe chini. Nikachukua kitambaa nikamfunika kichwa, nikakivuta hadi kwenye paji la uso kama anavyokivaa. Kisha nikachukua tena kikombe, nikaupata mdomo wake kwa kidole gumba, nikageuza uso wangu wote nje ya mlango, kwenye kreta.

"Mama, sikuangalii," nikamwambia. "Kunywa."

Nilitazama ule msitu. Nilitazama mashimo ya moshi, moja baada ya jingine. Maji ya sukari yakanimwagikia kwenye mkono wa shati, na sikugeuka. Nikarudia, sikuangalii, mama, sikuangalii. Na kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia akimeza.

Alimeza tena. Nikamiminia kikombe kingine kwa kupapasa, sukari nusu kikombe, nikakishika palepale, uso nje. Nilikuwa nikiomba kwa sauti na sijui niliomba nini. Shingo yake mkononi mwangu ikaanza kujibeba yenyewe. Akashika kikombe kwa mkono wake. Nikakiachia. Nikashuka garini kinyumenyume bila kumtazama, nikakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu, karibu na mlango wake.

Nikakohoa.

Kikaja kikohozi kidogo, dhaifu, kutoka juu yangu. Nililia pale chini kama mtoto na sikujali nani anasikia.

Baada ya hapo nikasikia fundo la leso likifunguliwa. Kisha kifuniko. Kisha kijiko, taratibu sana, kijiko baada ya kijiko. Sikuwahi kusikia sauti nzuri kama ile. Ilikwenda kwa muda, ikatulia, na sauti yake ikaja, ya kukwaruza, na kwa mara ya kwanza haikupitia kwa mtu.

"Na wewe umekula?"

"Nilikula mahindi, mama."

Kijiko kikagusa hotpoti.

"Niliona," akasema. Na akacheka. Kicheko kifupi, kilichochoka, lakini kicheko. Kisha kifuniko cha hotpoti kikapita juu ya bega langu kikiwa na githeri ndani, nami nikakipokea bila kugeuka, na tukala.

Mke wangu alitukuta hivyo. Aliona sukari imetapakaa sakafuni, spana kwenye nyasi, mimi nimekaa kwenye vumbi na kifuniko, mama yake na hotpoti, tumepeana migongo. Hakuuliza kitu mpaka alipomtoboa mama kidole na kile kimashine chake cha kupimia sukari na kusoma namba. Hapo akakaa kwenye ngazi ya gari akafunika uso. Tulishuka upesi hadi zahanati moja Mai Mahiu wakamwangalia, wakamwachilia, wakasema asibaki njaa. Bomani nilikuwa nimeacha pakiti iliyochanika nusu na majani ya chai mazima, na mama wa boma akaipokea bila kuuliza.

Tulipokuwa tunatoka Mai Mahiu nilikuwa bado nikiendesha na kile kioo kikitazama paa. Mama mkwe akasema kutoka nyuma, wala hakumtuma mtu:

"Shusha hiyo kioo, kijana yangu. Uone nyuma."

Nikakishusha. Hakikumwonyesha yeye, kwa kuwa alikuwa amejivutia kitambaa na kugeukia dirisha, anautazama mlima wake ukibaki nyuma. Kilionyesha barabara tu, na malori. Tulipofika nyumbani mke wangu alirudisha peremende zote karibu na gia, akaongeza pakiti ya glukosi, na tangu hapo gari langu halijawahi kukosa. Wageni hunitania kwamba nafanya biashara ya duka. Bado nawapeleka Suswa, bado nawaambia huku hakuna mtu, na nikisema hivyo mkono wangu huwa chini ya kiti ukipapasa.

Siku hizi tukienda Subukia, mama mkwe huweka viti viwili sebuleni, vimepeana migongo. Changu hutazama mlango, chake hutazama jikoni. Yeye hula na mimi hula, na hatuonani. Watoto wangu hutucheka. Na wacheke. Mimi huwa sionji hata ladha ya chakula, kwa sababu nasikiliza kijiko chake. Kikinyamaza, hata kwa kidogo tu, naacha kutafuna, nakohoa.

Naye hukohoa.